Anaimba herufi zote, lakini neno "meza" linamshinda

Shikamoo Mwalimu,

Nafuatilia safu yako siku nyingi, leo nimeona na mimi niandike. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nauza mbogamboga soko la Majengo. Nina watoto watatu, na shida yangu ni huyu wa pili, wa kiume, ana miaka sita na nusu. Yuko darasa la kwanza shule ya serikali ya hapa mtaani. Mwaka jana alikuwa chekechea ya Kiingereza. Tulijibana kulipa ada kwa sababu tulitaka aingie la kwanza akiwa na msingi. Na kweli alitoka pale anaimba "ei, bi, si, di" mpaka mwisho bila kukosea. Wageni wakija tulikuwa tunamsimamisha aimbe, wanampigia makofi.

Sasa huu ni mwezi wa tano na kusoma hajui. Juzi nilimwandikia neno "meza". Akanitajia herufi zote: "em, ii, zed, ei." Nikamwambia, haya, unganisha. Akasema "emizedei". Nikamwambia arudie, akaanza kulia.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba kurasa za mwanzo za kitabu chake anazisoma zote vizuri kabisa. Dada yake alipofunga kitabu, yeye akaendelea kusoma vilevile. Kumbe amekariri.

Nikaenda kumwona mwalimu wake. Ana darasa la watoto wengi mno, lakini alinisikiliza. Akaniambia pale hawaanzi na majina ya herufi, wanafundisha sauti. Nilisikia kwa masikio yangu watoto wanasema "mmmm", "ssss". Jirani yangu, ambaye wanawe wako shule za kulipia, anasema hapo mtoto anarudishwa nyuma, kwamba anayejua herufi zote anafundishwa kuguna.

Baba yake naye anasema bora mwakani arudie la kwanza. Tena lawama anampa mama yake mwenyewe, yaani mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye. Bibi anaongea na mtoto Kigogo tangu akiwa mchanga, na baba anasema ndiyo maana Kiswahili hakikai kichwani. Ni kweli mtoto anasema "lafiki" badala ya rafiki. Lakini nitamwambiaje mama mkwe asiongee na mjukuu wake?

Mimi niliishia la saba. Kusoma najua, kufundisha sijui, na narudi nyumbani jioni nimechoka. Naomba uniambie ukweli, mwanangu ana tatizo la akili? Na kama hana, nianzie wapi?

Mama wa Nkuhungu, Dodoma

Marahaba mwanangu, na pole kwa wasiwasi.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Katika yote uliyoniandikia sijaona dalili ya tatizo la akili. Mtoto aliyeweza kukariri kurasa kadhaa za kitabu neno kwa neno ana kumbukumbu nzuri kuliko wengi. Anachokosa ni kitu kimoja, nacho kinafundishika: kujua kila herufi inatoa sauti gani katika Kiswahili, na kuziunganisha sauti hizo.

Hebu lirudie neno lako "meza" polepole, maana shida yote imo humo. Mwanao aliona herufi nne na kuzitambua zote nne. Lakini alipofika kwenye e akasema "ii", kwa sababu ndivyo Waingereza wanavyoiita. Kwa sikio la Mswahili, "ii" ni sauti ya i. Alipofika kwenye a akasema "ei", ambayo kwetu ni sauti mbili. Ungemwandikia "kiti", i angeiita "ai". Kwa hiyo irabu tatu kati ya tano zinamwambia kitu ambacho si chake, na neno la Kiswahili haliendi popote bila irabu. Hapo mtoto hata awe na akili kiasi gani, "em, ii, zed, ei" haviwezi kuzaa meza. Alichokujibu, "emizedei", kinaonyesha kwamba kuunganisha anajua. Aliunganisha sawasawa kile alichopewa.

Ada yenu haikupotea. Kuyatambua maumbo ya herufi, kujua kwamba hii ni tofauti na ile, ni kazi kubwa kwa mtoto wa miaka mitano, na yeye ameshaimaliza. Hata majina yenyewe yanasaidia pale jina linapobeba sauti ndani yake: ndani ya "em" mna m, ndani ya "bi" mna b. Tafiti zimeonyesha hivyo kwa miaka mingi. Jopo la wataalamu wa Marekani lililokusanya tafiti za watoto wadogo na kutoa taarifa yake mwaka 2008 lilikuta kwamba mtoto anayezijua herufi kwa majina na kwa sauti kabla ya kuanza shule, na anayeweza kusikia sauti zilizomo ndani ya neno, ndiye mara nyingi anayesoma vizuri baadaye. Jopo jingine la hukohuko, mwaka 2000, lilionyesha kwamba kufundisha herufi na sauti zake kwa mpangilio kunawasaidia watoto kuliko kuwaacha wabahatishe. Zingatia hilo neno sauti. Wimbo peke yake haufiki huko.

Kwa hiyo mwalimu wa mwanao yuko sahihi, na ningependa umpe moyo. Hajabuni njia yake. Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015, mkazo uliwekwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kusoma kunaanzia kwenye sauti. Ile "mmmm" aliyoiita kuguna jirani yako ndiyo kusoma kwenyewe kunakoanzia. Na sisi tuna bahati na lugha yetu. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti ileile popote utakapoikuta, mwanzo wa neno, katikati au mwisho. Waingereza hawana raha hiyo. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya. Wale wa lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, kama Kifini na Kiitaliano, wengi walikuwa wanasoma maneno kwa usahihi mwaka wa kwanza wa shule unapoisha, na wa Kiingereza walihitaji muda zaidi ya mara mbili. Kiswahili kipo upande wa Kifini katika hili. Mtoto akizishika sauti zake, mlango unafunguka haraka.

Sasa nyumbani ufanye nini, na unarudi umechoka? Dakika kumi zinatosha, ila ziwe za kila siku. Na nusu ya kazi hii haihitaji hata kalamu.

Anza na sikio. Unapochambua mboga jioni mkalishe karibu. Mwambie: "Mchicha, mlenda, matembele, maboga. Vyote vinaanza na mmmm. Nitafutie kingine humu ndani." Atasema meza, mama, maji. Siku nyingine chukua sss, kesho yake k. Akishazoea mwanzo wa neno, geuza: "Bamia inaishia na sauti gani?" Halafu mpe neno vipandevipande akuunganishie: "Niletee k-i-t-i." Mtoto asiyesikia kwamba ndani ya "kiti" mna sauti nne hatajua herufi nne zile zinafanya nini pale. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu haionekani kama masomo, na mimi naiona ndiyo ya maana kuliko zote.

Baada ya hapo, herufi. Kata boksi vipande vidogo, uandike herufi chache tu: a, i, o, pamoja na m, s, k, t. Ziwe herufi ndogo, zile za vitabuni. Chati nyingi za ukutani zimejaa herufi kubwa, na mtoto akifungua kitabu anakutana na sura nyingine kabisa. Usianze na zote ishirini na nne za Kiswahili. Kwa hizo saba tu utapata mama, kaka, moto, kiti, taka, soma, saa, soko. Utapata hata mtoto na mkoa. Ukiongeza d, ataandika Dodoma.

Chukua "soko", maana ndiko unakoshinda. Weka s, uivute: ssss. Sogeza o karibu yake, usikate pumzi katikati: ssssoooo, so. Kisha ko. Herufi kama m, n, s, f, l zinavutika, ndiyo maana ni nzuri za kuanzia. Lakini k, t, p, b, d hazivutiki, na hapa wazazi wengi wanateleza. Wanaisema k kuwa "ka". Mtoto naye anafuata: "sa-o-ka-o". Halafu anaambiwa ni soko, anashangaa zile a zimekwenda wapi. Itamke k fupi, kavu, irukie irabu yake mara moja. Jizoeze mwenyewe kwanza ukiwa peke yako.

Kuhusu "ma, me, mi, mo, mu", ile tuliyoimba sisi wote, sina ugomvi nayo. Silabi ndizo zinazobeba Kiswahili, na mtoto anayeona "mo" na kuisema kwa mkupuo mmoja atasoma upesi. Ila ikiimbwa kwa mpangilio uleule kila siku inakuwa wimbo mwingine, kama ule wa ei, bi, si. Zichanganye. Mwonyeshe "mo", kisha "ka", kisha "si", halafu urudi kwenye "mo". Hapo utajua kama anasoma au anaimba.

Kitabu alichokikariri msimnyang'anye, anakipenda. Chukua maneno yaliyomo humo uyaandike kwenye karatasi nyingine kwa mpangilio mwingine, bila picha. Na mara mojamoja mwandikie maneno yasiyo na maana yoyote: tomi, kosami, sati. Atacheka. Lakini hayo hawezi kuwa ameyakariri popote, kwa hiyo akiyasoma ujue amesoma kweli.

Angalia pia mifano inayotumika kumfundishia. Zipo chati zinazosema "n ya nyumba", "s ya shule", "c ya chungwa". Nyumba haianzi na sauti ya n, inaanza na ny. Shule inaanza na sh. Na c katika maneno yetu ya kawaida haisimami peke yake, inatembea na h. Mtoto anayefuata sauti kwa makini ndiye anayechanganyikiwa zaidi na mifano hiyo, kwa sababu yeye anasikiliza kwelikweli. Kwa n mpe nanasi. Kwa s mpe sukari. Kwa huku kwetu hutakosa mifano: a ya alizeti, z ya zabibu, u ya ubuyu na uwele.

Sauti za herufi zilizoungana, yaani ch, sh, ny, ng', th, dh, gh, pamoja na mb, nd, nj na wenzake, zingoje mpaka herufi mojamoja zimekaa. Zikifika, mfundishe kila moja kama kitu kimoja, kwenye kipande kimoja cha boksi. Asiseme "n, y" halafu akaambiwa ni ny. Ile ng' yenye kibanio huwasumbua wengi, lakini mtoto wa Dodoma anaisikia kila siku: Chang'ombe, Ng'ong'ona. Mlinganishie ng'ombe na nguo, asikie tofauti kwanza, ndipo umwonyeshe kialama kinachozitofautisha. Mkiwa barabarani mwonyeshe majina ya vituo yaliyoandikwa kwenye daladala, ayasome kabla gari halijaondoka. Mpwapwa mwachie mwisho! Ile m inasimama yenyewe kama silabi nzima, kama katika mtu na mbwa, na ikifuatwa na pwa mara mbili hata mkubwa hutulia kidogo.

Mwache pia aandike. Kumpa mtoto kalamu aandike neno analolisikia kunamlazimisha kulipasua sauti kwa sauti, na hicho ndicho unachokitaka. Mwambie akuandikie vibao vya biashara yako. Akiandika "mcica" badala ya mchicha, usimkemee. Ameisikia m, ameisikia i, amesikia kwamba kuna sauti inayorudi mara mbili na akaiandika mara mbili kwa namna moja. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba sauti ile inaandikwa kwa c na h. Akigeuza b ikawa d, nalo ni la kawaida kwa umri wake. Mkumbushe polepole kila mnapokutana nalo.

Nije kwa bibi. Tafadhali usimwambie mama mkwe wako anyamaze. Kigogo hakiharibu kusoma. Sikio linalojua kupasua neno la Kigogo litapasua na la Kiswahili, kwa sababu ustadi wa kusikia sauti mtoto huhama nao kutoka lugha moja kwenda nyingine. Bibi anayemwimbia mjukuu, anayemtegea vitendawili na kumsimulia hadithi za sungura na fisi, anafanya kazi ambayo wewe unaporudi saa kumi na mbili jioni huna nguvu ya kuifanya. Mwombe hata acheze naye ule mchezo wa sauti kwa Kigogo. Kitu kimoja tu cha kuangalia: mtoto asikie pia Kiswahili cha kutosha nyumbani, kutoka kwako, kwa baba na kwa dada yake, maana akisoma neno "kisima" kwa usahihi na hajui kisima ni nini, atakuwa ametoa sauti tu.

Na hilo la "lafiki", wengi wa huku tunachanganya l na r na tumesoma tukamaliza. Akiiona r na kuijua kuwa ni r, ulimi utafuata kwa wakati wake. Kumkatiza kila anaposema kutamfanya aogope kusoma kwa sauti, na mtoto asiyesoma kwa sauti hutajua anakwama wapi. Akifikia kuandika, mwonyeshe kwamba kula na kura ni vitu viwili tofauti.

Kwa baba yake: kurudia darasa siungi mkono, na mwezi wa tano ni mapema mno hata kulizungumzia. Mtoto huyu anahitaji kufundishwa kitu alichokikosa. Kumrudisha darasani mwaka mzima kwa herufi ambazo nyingi anazitambua tayari kutampa aibu tu. Asichapwe kwa sababu ya kusoma, na wala asisimamishwe mbele ya wageni kusoma kama alivyokuwa akiimba. Mwambie baba achukue zile dakika kumi siku ambazo wewe umechelewa. Kama dada yake yuko madarasa ya juu, naye anaweza, maana watoto husikilizana.

Kuna jambo moja la kupima hospitali, nalo ni macho na masikio. Ukiona analeta kitabu karibu sana na uso, au unamwita mara mbili tatu hasikii, au masikio yamewahi kutoa usaha, mpeleke akapimwe kabla ya lingine lolote. Mtoto asiyeisikia vizuri s na f atahangaika na sauti hizi hata ukimfundisha namna gani. Vinginevyo, endelea na dakika zako kumi. Ikiwa mwaka unaelekea kuisha, mmefanya kazi hii kila siku, na bado sauti za herufi nyingi hazikai au hawezi kuunganisha silabi mbili, hapo kaa na mwalimu wake mtafute msaada zaidi. Mwakani akiwa la pili kuna upimaji wa KKK wa kitaifa, kwa hiyo muda mnao, ila si wa kuchezea.

Wiki hii nenda tena kwa mwalimu, safari hii na daftari. Mwombe akuandikie sauti walizokwisha kufundisha na zinazofuata kabla ya likizo ya mwezi wa sita, ili vipande vyako vya boksi vifuate mpangilio wake. Mwambie pia kwamba mwanao anazisoma irabu kwa Kiingereza. Kwenye darasa la watoto wengi kama hilo, inawezekana hajapata nafasi ya kuligundua.